UZI: Umehamia mtaa usioujua mjini. Utapataje mahali pazuri pa kula?

Mleta mada

Ndugu wanajukwaa,

Anayehamia mtaa mpya mjini hupewa ushauri mwingi kuhusu kodi ya nyumba, maji, usalama na usafiri, lakini ni nadra kuambiwa atakula wapi katika wiki zile za mwanzo ambazo vyombo vya jikoni bado vimo ndani ya maboksi. Jambo hili huonekana dogo mpaka likukute. Mtu anayefanya kazi kutwa, anayeishi peke yake, au ambaye chumba alichopanga hakina nafasi ya kupikia, hula nje karibu kila siku, na kwa hiyo mahali anapochagua hugusa afya yake, mfuko wake, na hata kama ataanza kuuona mtaa ule kuwa wa kwake au ataendelea kujiona mpita njia. Nimefungua uzi huu ili tuweke pamoja ujuzi wa namna ya kutafuta, kwa sababu ujuzi huo upo na unamfaa mtu yeyote katika mji wowote.

Hoja yangu ni moja, na mengine yote yanatokana nayo: tafuta mahali ambapo chakula kinaisha. Pale ambapo sufuria hutoka jikoni ikiwa imejaa na kurudi tupu kila siku, chakula hakilali. Kisipolala, mpishi hana kiporo cha kukupashia moto. Akiuza chote, anazo fedha za kununua vitu vibichi kesho yake asubuhi. Na watu wanaokimaliza ni lazima wawe watu wanaorudi, kwa maana hakuna mtaa wenye wageni wa kutosha kumaliza sufuria kila siku. Ndiyo maana nasema mtu asianze kwa kuuliza ladha, wala bei, wala uzuri wa viti. Aanze kwa kuangalia kama chakula kinatembea.

Namna ya kuliona hilo ni kutembea kwa miguu saa za kula. Pita nusu saa kabla ya kilele cha mchana, pita tena wakati wa kilele chenyewe, na ukiweza upite alasiri. Mara ya kwanza unaangalia kama watu wameshaanza kufika, kwa sababu wanaopajua mahali huwahi kabla vilivyo vizuri havijaisha. Mara ya pili unaangalia ni watu gani. Mara ya tatu unaangalia kilichobaki: sufuria zikiwa bado zimejaa alasiri, basi kuna uwezekano mkubwa kwamba hicho ndicho kitakachouzwa jioni. Ukiambiwa "vimeisha, njoo kesho", usikasirike, kwani umepewa habari njema kuliko zote ulizozitafuta siku hiyo.

Foleni peke yake isikudanganye. Foleni ndefu inaweza kutokana na huduma ya polepole, au na tangazo lililosambaa wiki iliyopita. Waangalie waliomo ndani. Je, kuna watu wa rika mbalimbali? Kuna waliovaa sare za kazi? Kuna wanaoagiza bila kuisoma orodha ya vyakula, na ambao mhudumu anajua wanachotaka kabla hawajasema? Mimi humthamini zaidi mtu aliyekaa peke yake, kwa sababu huyo hakuja kwa ajili ya mazungumzo, wala kupiga picha, wala kumfurahisha mwenziwe; amekuja kula. Penye watu wengi wa namna hiyo, chakula ndicho kinachowaleta.

Baada ya macho, tumia mdomo, ila uulize swali linalofaa. Ukimwuliza mtu "ni wapi kuna chakula kizuri?", atakutajia mahali anapodhani panamfaa mgeni, na mara nyingi patakuwa mahali pa fahari asipokula yeye mwenyewe. Mwulize badala yake: "Wewe jana mchana ulikula wapi?" Swali hilo halihitaji maoni, linahitaji kumbukumbu, na jibu lake huwa la kweli. Waulize wale ambao kazi zao zinawafanya washinde mtaani na kula kwa fedha zao wenyewe: walinzi, mafundi, madereva, wauza maduka, wafanya usafi. Wakishakujibu, waongezee swali la pili: "Na ukikuta pale pamefungwa, unakwenda wapi?" Jibu hilo la pili limenipatia mahali pazuri mara nyingi kuliko la kwanza, kwa sababu mahali pa kwanza panajulikana na kila mtu, lakini pa pili mtu amepachagua kwa uzoefu wake.

Kuna shahidi mwingine ambaye watu humsahau, naye ni muuzaji wa vyakula vibichi. Mwenye genge la mboga, mwenye bucha na muuza samaki wanajua ni mpishi yupi anayefika alfajiri kuchagua vilivyo bora, na ni yupi anayekuja jioni kuchukua vilivyonyauka kwa bei ya kutupa. Nunua kitu kidogo, salimia vizuri, kisha uulize ni nani katika wapishi wa jirani anayesumbua kwa kuchagua sana. Anayelalamikiwa na wauzaji kwa kuchagua ndiye unayemtafuta.

Kuhusu mahali penyewe palipo, kumbuka kwamba kodi ya fremu iliyo barabara kuu, karibu na kituo au mbele ya jengo maarufu, huwa kubwa, na anayeilipa ni mlaji, ama kwa bei ama kwa kupunguziwa sahani. Isitoshe, aliye barabara kuu anaweza kuishi kwa wapita njia ambao hatawaona tena, lakini aliye mtaa wa nyuma hana wa kumtegemea isipokuwa majirani. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Ukimkuta mtu amewekwa mlangoni kazi yake ni kukuvuta mkono, jiulize kwa nini chakula hakifanyi kazi hiyo.

Orodha ndefu ya vyakula nayo ni ya kuangaliwa. Jiko dogo linalotangaza vyakula vya kila aina haliwezi kuwa na malighafi mbichi za vyote hivyo kila siku. Ama vimegandishwa kwa muda mrefu, ama nusu yake havipo, ama vipo na vimekaa. Orodha fupi, hasa ile inayoandikwa upya kila siku, inaonyesha mpishi anayepika alichokipata sokoni.

Sasa nije kwenye nyota za simuni, yaani alama ambazo wateja huipa migahawa mtandaoni. Zina nafasi yake, lakini zinahitaji kusomwa kwa makini. Wanaojisumbua kuandika maoni kwa kawaida ni waliofurahi sana au waliokasirika sana. Yule aliyekula vizuri, akalipa na kurudi kazini hasemi kitu, ingawa ndiye shahidi tunayemhitaji. Tena nyota zina fedha ndani yake. Mwaka 2011 Michael Luca wa Chuo Kikuu cha Harvard alionyesha, kwa kutumia takwimu za migahawa ya Seattle, kwamba ongezeko la nyota moja katika tovuti ya Yelp huongeza mapato kwa kati ya asilimia 5 na 9, na kwamba wanaofaidika hivyo ni migahawa inayojitegemea, si ile ya makampuni yenye matawi mengi. Penye faida ya namna hiyo hapakosi wa kuzitengeneza. Mwaka 2017 mwandishi mmoja jijini London alikiorodhesha kibanda cha bustanini alichokuwa akiishi kama mgahawa katika tovuti ya TripAdvisor, akakiwekea maoni ya uongo, na mgahawa huo usiokuwapo ukapanda hadi nafasi ya kwanza miongoni mwa migahawa ya jiji zima. Tatizo ni kubwa kiasi kwamba mwaka 2024 Marekani iliweka kanuni ya kitaifa inayopiga marufuku kuuza na kununua maoni ya uongo.

Kwa hiyo mimi huyasoma hivi: naruka ya nyota tano na ya nyota moja, nasoma ya nyota tatu, kwa sababu huko ndiko watu hueleza kilichokuwa kizuri na kilichopungua bila hasira. Naanza na ya karibuni, maana mpishi akiondoka maoni ya mwaka juzi yanakuwa ya mgahawa mwingine. Na naangalia picha walizopiga wateja, si za mwenye mgahawa: ukubwa wa sahani, mwanga wa mahali, na kama chakula kilekile kinafanana kutoka picha moja hadi nyingine. Yakikupa majina ya mahali pa kwenda kupatazama kwa macho yako, yamefanya kazi yake.

Ukishachagua, siku ya kwanza agiza kitu cha kawaida kabisa ambacho jiko lile hupika kila siku. Chakula cha pekee huficha mengi kwa viungo na mapambo, lakini cha kila siku kinaonyesha mkono wa mpishi ulivyo. Rudi siku nyingine kwa saa tofauti kabla hujahukumu, kwa sababu mchana na usiku mara nyingi huwa na wapishi tofauti.

Karibuni mchangie, hasa waliowahi kufanya kazi jikoni.

Mpishi wa miaka mingi

Ndugu mleta mada, hoja yako ya chakula kuisha naiunga mkono kwa asilimia mia, nami nitaeleza sababu yake upande wa jikoni, kwa kuwa wengi huiona kama suala la ladha tu.

Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 2001 kanuni tano za usalama wa chakula ambazo kila jiko lenye nidhamu linazijua, hata kama halijui zimetoka wapi. Moja kati ya hizo ni kwamba chakula kilichoiva kisikae zaidi ya saa mbili katika joto la kawaida. Cha moto kitunzwe katika joto la zaidi ya nyuzi 60 za Selsiasi, na cha baridi chini ya nyuzi 5. Katikati ya nyuzi hizo mbili ndipo vijidudu vinapozaliana kwa haraka. Sasa mteja hana kipimajoto, lakini ana macho na ulimi. Chakula kilichotunzwa vizuri kinatoa mvuke kinapofunuliwa na kinakuunguza kidogo ukikiweka mdomoni. Chakula cha vuguvugu ndicho ninachokiogopa kuliko vyote, kwa sababu kimekaa katikati, na hujui kimekaa kwa muda gani. Ukiletewa sahani ya vuguvugu mahali ambapo vyakula vimepangwa vikisubiri wateja, irudishe bila aibu. Mpishi mzuri hatachukia.

Nitaongeza alama tatu ambazo mimi mwenyewe huziangalia ninapokula mtaa nisioujua.

Ya kwanza ni mkono unaopokea fedha. Kama mkono huohuo ndio unaopakua chakula bila kunawa, mengine yote sihitaji kuyaona. Mahali padogo panaweza kuwa na mtu mmoja tu, na si kosa lake, lakini hata mtu mmoja anaweza kutumia kijiko au koleo na kuwa na maji na sabuni karibu.

Ya pili ni mafuta ya kukaangia. Mafuta yaliyotumika mara nyingi huwa meusi, mazito, hutoa povu linalokaa juu bila kuvunjika, na huanza kufuka moshi mapema kuliko mafuta mapya. Harufu yake huishika nguo yako kabla hujakaa. Mwenye jiko anayeng'ang'ania mafuta ya namna hiyo anabana matumizi mahali pasipostahili, na sijawahi kumwona mtu anayebana mafuta peke yake akaacha vingine.

Ya tatu ni chakula cha wafanyakazi. Fika baada ya kilele, uangalie wahudumu na wapishi wanakula nini. Wakila kilekile walichokuwa wakiuza, tena kwa hamu, umepata ushahidi usionunulika. Wakivuka barabara kwenda kula kwa jirani, wafuate.

Na swali moja la kumwuliza mhudumu, ambalo wengi hawalitumii: "Kipi kimetoka jikoni sasa hivi?" Msiulize "kipi ni kizuri", kwa sababu hapo mtauziwa kile kinachotakiwa kiondoke.

Mfanyakazi wa zamu ya usiku

Nashukuru kwa uzi huu, ila sisi wa usiku hatuna kilele cha mchana cha kukitazama. Natoka kazini wakati mitaa imelala, na mahali panapokuwa wazi ni pachache kiasi kwamba hakuna cha kulinganisha. Nimeona wenzangu wengi wanaishia kuagiza kwa programu za simu, nami napenda kuwaonya kuhusu jambo moja: katika programu hizo jiko moja linaweza kujiandikisha kwa majina mengi, kila jina na picha zake na orodha yake, ukadhani una migahawa kumi ya kuchagua kumbe vyote vinatoka chumba kimoja kisicho na meza wala mlango wa mteja. Si kwamba kila jiko la namna hiyo ni baya. Tatizo ni kwamba huwezi kupita ukalitazama. Kabla sijaagiza, huangalia anwani ya kila jina. Anwani zikifanana, najua.

Naomba mleta mada au mwingine atueleze: wa usiku atautambuaje huo mzunguko wa chakula?

Mwenye mzio

Kwangu mimi mahali pazuri pa kula ni mahali ambapo sitapelekwa hospitali. Nina mzio (aleji) mkali wa chakula, na kila ninapohamia mtaa mpya ninaanza upya kazi ambayo wengine hawaijui kabisa. Naandika kwa ajili ya walio kama mimi na kwa ajili ya wanaokula pamoja nao.

Katika nchi za Umoja wa Ulaya, tangu Desemba 2014 sheria inamtaka kila muuza chakula aweze kumwambia mteja kama chakula kina chochote kati ya vitu 14 vinavyojulikana kuleta mzio, vikiwamo karanga, maziwa, mayai, samaki, soya, ufuta na nafaka zenye gluteni kama ngano. Sehemu nyingi za dunia hazina utaratibu kama huo, na hapo mzigo wote ni wa mlaji. Kwa hiyo mimi siingii mahali papya saa ya kilele. Naingia wakati wa utulivu, naomba kuzungumza na anayepika mwenyewe, si mhudumu, na simwulizi "je, kuna kitu fulani ndani?", kwa sababu jibu jepesi la swali hilo ni "hapana". Namwuliza: "Hiki mnakipikaje, tangu mwanzo?" Anayejua chakula chake atanieleza kwa utulivu hatua kwa hatua, na katikati ya maelezo nitasikia nilichokuwa nakitafuta. Asiyejua, au anayekereka kwa kuulizwa, amenijibu pia.

Yapo mambo mawili ambayo watu wazima wenye nia njema huyakosea. Kupika hakuondoi mzio kwa namna ya kuaminika, hata kwa moto mkali. Na kuondoa kitu juu ya sahani baada ya kuwekwa hakusaidii, kwa sababu chembe ndogo iliyobaki, au kijiko kilichotumika katika sufuria mbili, au mafuta yaleyale ya kukaangia, vinatosha kuleta madhara. Ndiyo maana orodha fupi aliyoisifu mleta mada ni muhimu kwangu maradufu: vyakula vichache, michanganyiko michache.

Muuguzi

Naomba kusahihisha dhana moja inayowaharibia wapishi wema riziki yao. Mtu akiumwa tumbo, hulaumu mahali alipokula mara ya mwisho, hasa kama ni pageni. Mara nyingi anakosea. Sumu ya bakteria aina ya Staphylococcus huweza kuonyesha dalili kati ya dakika 30 na saa 8, na hapo mlo wa mwisho unaweza kweli kuwa ndio chanzo. Lakini virusi vya noro huchukua saa 12 hadi 48, bakteria wa Salmonella kati ya saa 6 na siku 6, na homa ya ini aina ya A siku 15 hadi 50. Kwa hiyo aliyehamia mtaa mpya wiki mbili zilizopita anaweza kuumwa kwa sababu ya alichokula kule alikotoka.

Ushauri wangu ni huu: katika wiki zile za mwanzo andika ulichokula, wapi na saa ngapi. Ukiumwa, daktari atakuuliza hivyohivyo. Na mkiwa watu wawili au zaidi mliokula chakula kilekile na mkaumwa pamoja, toeni taarifa kwa mamlaka ya afya ya eneo lenu, kwa sababu hapo kuna wengine ambao bado hawajajua. Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2015 kwamba watu milioni 600 huugua kila mwaka kutokana na chakula kisicho salama, na 420,000 kati yao hufariki, wakiwamo watoto 125,000 wa chini ya miaka mitano. Watoto chini ya miaka mitano, wajawazito, wazee na wenye kinga dhaifu wasifanyiwe majaribio katika mgahawa mpya. Anayetangulia kupajaribu awe mtu mzima mwenye afya.

Pia, mji wenu ukiwa na utaratibu wa kutangaza matokeo ya ukaguzi wa afya, utumieni. Los Angeles ilianza kubandika herufi za daraja la usafi (A, B, C) mlangoni mwa migahawa mwaka 1998, Denmark ikafuata na alama ya uso unaotabasamu mwaka 2001, na New York ikaanza herufi zake mwaka 2010. Katika Wales, tangu mwaka 2013, mwenye mgahawa analazimika kisheria kubandika alama yake ya kati ya 0 na 5 mahali inapoonekana, iwe nzuri au mbaya. Alama hizo hazisemi lolote kuhusu ladha, wala hazikusudiwi kusema, lakini zimetolewa na mtu aliyeingia jikoni, mahali ambapo mimi na wewe hatufiki.

Mwanamke anayeishi peke yake

Ndugu mleta mada, umeandika vizuri, lakini umeandika kama mtu anayeweza kutembea popote na kumsimamisha yeyote. Mimi nikihamia mtaa mpya siwezi kuzunguka mitaa ya nyuma jioni nikiuliza walinzi na madereva wanakula wapi. Maswali hayo yakitoka kwangu hupokewa vingine, na anayejibu anaweza kujua ninakaa wapi na kwamba niko peke yangu. Maoni ya mtandaoni, pamoja na kasoro zake zote ulizozitaja, yananiwezesha kuujua mtaa kabla sijautembea, na nisingependa tuyadharau.

Tena kuna kipimo ambacho hakijatajwa na yeyote. Mahali panaweza kuwa na chakula kizuri kuliko chote mtaani na pasinifae, kwa sababu nikikaa peke yangu nasumbuliwa. Ninachokitafuta ninapopita ni wanawake wengine waliokaa peke yao, hasa wa umri mkubwa, wanaokula taratibu bila haraka ya kuondoka. Nikiwaona hao, najua kwamba mwenye mahali amekwisha kuweka heshima ndani. Halafu huangalia mwanga wa njia ya kurudia nyumbani. Chakula kizuri ambacho lazima nikiharakishe ili nisikute giza sikihesabu kuwa kizuri.

Na kuhusu kuuliza, mimi huwauliza wenye saluni, washonaji na wafamasia wa mtaa. Wanashinda hapo kutwa, wanakula hapo, na mazungumzo yenyewe hayavuti macho ya mtu.

Mleta mada

Dada, kipimo chako cha wanawake waliokaa peke yao ni bora kuliko changu cha mtu yeyote aliyekaa peke yake, kwa sababu kinabeba mambo mawili kwa pamoja, chakula na heshima, na ninawaomba wasomaji wakitumie hata kama wao ni wanaume. Mahali ambapo mwanamke hula kwa amani huwa na mwenye mahali aliye macho, na aliye macho mezani mara nyingi yuko macho na jikoni. Kuhusu wa kuuliza, nakubaliana nawe kabisa kwamba kila mtu aanze na wale anaoweza kuzungumza nao kwa usalama.

Ndugu wa zamu ya usiku, usiku nao una vilele vyake, ila haviko mahali pamoja na vya mchana. Tafuta palipo na wafanyakazi wengi wanaobadilishana zamu: hospitali kubwa, masoko ya jumla ambayo mizigo hushushwa usiku, vituo vya mabasi ya mbali, viwanda, mitambo ya kuchapa magazeti kule ambako bado yanachapwa. Jirani na mahali hapo pana wapishi wanaowasha moto usiku kwa ajili ya watu hao, na huo ndio mzunguko wenyewe, kwa sababu mpishi anajua zamu itatoka saa ngapi na anaandaa chakula kiive wakati huo. Linganisha na mahali panapobaki wazi usiku kwa kuwa tu hapajafungwa tangu mchana; hapo unakula mabaki ya siku nzima. Swali la mpishi mwenzetu, "kipi kimetoka jikoni sasa hivi?", lina thamani zaidi usiku kuliko wakati mwingine wowote.

Muuguzi, maelezo yako ya saa na siku yanastahili kusomwa na kila anayeandika maoni ya nyota moja kwa hasira.

Limebaki jambo moja ambalo nimeulizwa kwa ujumbe wa faragha, nalo ni lini mtu apaache mahali alipopazoea. Mazoea hutufanya tuvumilie yasiyofaa kuvumiliwa. Mimi huangalia mambo haya: sahani ileile niliyoizoea ikibadilika ladha kwa wiki nzima mfululizo, mpishi ameondoka. Orodha ya vyakula ikirefuka ghafla, mwenye mahali anatafuta wateja aliowapoteza. Wahudumu wote wakiwa wapya kwa wakati mmoja, mwenye mahali amebadilika au mishahara hailipwi. Na wale waliokuwa wakikaa peke yao mchana wakianza kupungua, wao wameshaona kabla yangu. Kabla ya kuondoka, hata hivyo, mwambie mwenye mahali kwa staha kilichobadilika. Wapo wanaorekebisha siku ileile, na mteja wa siku nyingi akiondoka kimya anamnyima mpishi nafasi hiyo.

Wanaoishi katika miji yenye baridi kali, ambako milango hufungwa, madirisha hushika ukungu na mpita njia haoni waliomo ndani, watueleze wao huanzia wapi, maana huko kutazama kwa nje hakusaidii sana.